Vumbi Juu ya Ladu

Sitara alipopenga kamasi asubuhi ile, kitambaa kilitoka cheusi. Si kijivu. Cheusi, kama aliyekipangusia masizi ya sufuria. Akakikunja upesi, lakini Euphrasia alishakiona.

"Ondoa uchafu wako, mwenzio sijanywa chai."

"Wako utakuwa mweupe? Hebu penga tuone."

Euphrasia hakupenga. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za nyumba ya Manubhai, mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo, wakisubiri mlango ufunguliwe waanze usafi. Sikukuu ya Diwali ilikuwa inakaribia, na kabla ya Diwali Wahindi wa mtaa ule huigeuza nyumba ndani nje. Kabati ambalo mwaka mzima halijaguswa husogezwa, maana Lakshmi, mungu wao wa baraka, hapiti mlango wa nyumba chafu. Kwa Sitara, Muislamu wa Buguruni, Lakshmi alikuwa mteja mzuri tu. Msimu wake ndio uliolipa kodi ya chumba.

Usafi wenyewe kila mtu anaujua. Sitara alichomzidi nacho mwenzake ni mdomo. Alianza kwa kuosha vyombo vya mama lishe, akagundua kwamba anayesugua hapati kama anayepatana bei. Basi akawa anapatana. Siri yake ilikuwa pumzi: akishaanza kuisifu kazi yake hapumziki, mteja hapati upenyo wa kuingiza neno, anakuja kushtuka ameshakubali. Sasa upenyo ulikuwa umepatikana. Ulikuwa kikohozi.

Wiki iliyopita, mtaa wa Gerezani, alikuwa katikati ya maelezo kikohozi kikambana. Mama mwenye nyumba akarudi nyuma hatua kadhaa, mtandio puani. "Kapime kifua kwanza, dada, ndiyo uje." Mlango ukafungwa. Sitara akaenda kupima. Kifua kikuu hakikuonekana, ila daktari wa zahanati alimuuliza swali moja lililomkaa kooni: "Unafagia makavu?"

"Sasa vumbi nitalifagia vipi, doktari? Nilipikie?"

"Uliloweshe kwanza. Vumbi la ndani si mchanga tu, mama. Mna ngozi za watu zilizopukutika, mavi ya mende, mkojo wa panya uliokauka, ukungu. Ukilifagia kavu unalirusha, na ukishalirusha unalivuta. Kamtandio hako hakazuii kitu, vumbi laini linapita. Ukiendelea hivi kifua kitabana kisiachie."

Sitara aliitikia, ila aliyoyasikia ni mawili tu: ngozi za watu, mkojo wa panya. Toka siku hiyo hakuweza kumeza mate bila kuyafikiria kwanza. Alipomhadithia Euphrasia, mwenzake aliuliza, "Kwa hiyo mimi nimeshamvuta marehemu baba yake Manubhai?"

"Chumba chake si ulikifagia wewe?"

"Yesu wangu."

Mlango ulifunguliwa. Jashoda, mke wa Manubhai, alisimama na funguo kiunoni. Mtaani aliitwa Mama Gaurav.

"Shikamoo, Mama Gaurav."

"Marahaba. Pandeni. Mmechelewa, na mimi ladu zangu za sikukuu zinapoa, sitaki kelele."

Sitara akaanza pale pale ngazini. "Mama Gaurav, mwaka huu tunakufanyia kazi ya kisasa. Tunalowesha kidogo, vumbi linalala, tunalifuta, hata panya mwenyewe akirudi hapatambui..."

"Maji hapana."

"Kidogo tu, mama, ya kunyunyiza..."

"Umesahau mwaka jana?"

Hakuwa amesahau. Nyumba ya Manubhai ni ya zamani, sakafu ya juu ni mbao, na chini yake ndipo penye duka la vitambaa. Mwaka jana ndoo ilimwagika kidogo, maji yakapita kwenye nyufa, yakachora ramani ya kahawia juu ya jora la hariri nyeupe. Toka hapo sheria ikawa moja.

"Fagio kavu, tambara kavu," akasema Jashoda. "Hutaki, ngazi ndiyo hiyo uliyopandia."

Sitara akafungua mdomo kumjibu, kifua kikamkamata. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na alipomaliza Jashoda alikuwa ameshageuka. Kuondoka angeweza. Lakini dada zake Jashoda na mashemeji zake wote waliajiri kwa neno la Jashoda. Ukiikosa nyumba hii, umeukosa mtaa. Akajifunga mtandio puani, ule ule usiozuia kitu, akaingia.

Walianza na stoo iliyopakana na sebule. Waliposogeza kabati, nyuma yake kukatokea kitu kama blanketi: vumbi lililoshikana na nywele, mabawa ya mende, masizi ya ubani, unga wa mbao uliotafunwa. Lilinuka mkojo mkavu. Euphrasia akapandisha fagio refu juu ya kabati, akavuta. Punje nyeusi za mavi ya panya zikamwagika kama mchele, nyingine zikaruka hadi mlangoni. Sitara alihisi moja imetua kwenye mdomo wake, juu ya mtandio. Akaipukuta kwa kiganja.

Hapo ndipo Jashoda alipoamua kuwa na huruma.

"Mtakufa na joto humo," akasema kutoka mlangoni, akawasha panga boi.

Panga boi hilo nalo halikuwa limefutwa mwaka mzima. Lilipoanza kuzunguka liliachia vipande vyake vyeusi, likachukua na vya kabati, likavizungusha vyote kama anayekoroga uji. Wingu likatafuta pa kutokea, likaona mlango wa sebule uko wazi. Na sebuleni, mezani, trei za ladu, yale madonge matamu ya sikukuu, zilikuwa wazi zinapoa, zinang'aa kwa samli.

Sitara aliliona linakwenda. "Mama Gau..." Kikohozi. "Ma... panga..." Kikohozi tena. Aliinama, mkono ukutani, mwingine ukionyesha juu. Yule ambaye hakuna mteja aliyewahi kumkatiza, leo neno la kumwambia mtu azime lilikataa kutoka.

Jashoda akadhani anaomba maji ya kunywa, akaenda jikoni.

Wakati huo huo Manubhai akapanda kutoka dukani, mzee wa kitambi na kalamu sikioni. Akapita mezani kama kawaida ya wanaume waliokatazwa sukari, akachomoa ladu moja, akaitia mdomoni nzima. Akatafuna.

"Jashoda! Mwaka huu umeweka iliki nyingi."

"Iliki sijaweka kabisa," sauti ikajibu kutoka jikoni.

Manubhai akaacha kutafuna. Akatema kiganjani, akasogea dirishani, akaigeuzageuza ile punje kwa kidole. Rangi ikamtoka usoni. Jashoda akaja na glasi ya maji, akaangalia kiganja, akaangalia trei, akaona utando wa kijivu umelala juu ya kila ladu kama ukungu wa mkate. Manubhai alikuwa ameshakimbilia karo. Walimsikia huko akitapika.

Euphrasia akazima panga boi. Sitara akapokea ile glasi, akanywa taratibu. Pumzi ikarudi, na pumzi iliporudi, biashara ikarudi.

"Hicho mzee amekitema," akasema. "Mimi nakimeza kwa pua toka asubuhi, na sina pa kukitemea."

Jashoda akasogea mezani. Alikuwa anaangalia trei.

"Nailoni si ipo dukani? Tandikeni juu ya majora. Ndoo inakaa nje, kwenye ngazi. Tambara linakuja limekamuliwa, halidondoshi. Humu ndani naingia na chupa ya kunyunyizia tu, ya saluni. Na barakoa mbili, zile nene za mafundi rangi, zinazobana uso."

"Mbili?" Manubhai akauliza kutoka kwenye karo, sauti imekauka. "Si mtapokezana?"

"Tutapokezana na pua?"

Jashoda akamgeukia mumewe. "Kanunue mbili!"

Huruma haikuwepo hapo, na Sitara hakuitafuta. Kifua chake hakuna aliyekiona, ladu kila mtu aliziona. Alichotaka amepata.

Zile ladu zilitupwa zote. Nailoni ikatandikwa, madirisha yakafunguliwa. Vumbi lililonyunyiziwa lilijikunja, likawa tope, likakubali kuzolewa. Ndoo ya kwanza ilipojaa, Sitara aliinama kuitazama: maji mazito, meusi, nywele zikielea, kama ya bonde la Jangwani baada ya mafuriko. Akafikiri yote hayo yangekuwa ndani yake, akatapika na yeye, pale pale kwenye ngazi.

"Afadhali," akasema Euphrasia. "Bora yatoke."

Walipomaliza, Jashoda aliwapa bahasha ya ladu mpya. Simu aliishika kwa bega, akimwambia dada yake awape maji hao wanawake wakija kesho, na afunike vyakula. Sitara alisikia, akakohoa, kikohozi kilikuwa bado kipo, ila sasa alikuwa na la kuanzia kwa kila mteja kabla hakijamkatiza: hakuna maji, hakuna kazi.

Barabarani Euphrasia akafungua bahasha, akainua ladu moja kwenye mwanga, akaigeuza pande zote.

"Onja wewe," akasema.

"Wewe ndiye uliyekosa chai," Sitara akamjibu, akaendelea kutembea.