Kanamba Kadogo Juu ya Sentensi

Pii! Pii! Pii! Kile kibetri cha kompyuta chini ya meza kilikuwa kikilia hivyo umeme ukikatika, na mpaka leo nikisikia mlio kama ule naikumbuka siku moja.

Siku hiyo tulikuwa wawili steshenari pale Tunduma: mimi mpiga chapa, na dada mmoja wa chuo, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Isansa. Ripoti yake ya kemia ilitakiwa iingie kwenye mfumo wa chuo kabla ya saa kumi na moja jioni. Ikichelewa, anarudia mwaka, na nyumbani walishamwambia mwaka wa kurudia haupo.

Mimi niliishia kidato cha nne, ila kila ripoti niliyoichapa niliihesabu nusu yangu. Nilijiona nimevaa joho, kabisa!

Chuoni kwao, watu wa kemia hawataji jina la mtu ndani ya sentensi. Wanaweka kanamba kadogo juu, mwishoni, halafu nyuma ya ripoti unakuta orodha inayosema namba hiyo ni kitabu gani. Rahisi. Ila huyu dada alikuwa amechapisha kila sura pale alipokuta umeme: moja Mlowo, moja Vwawa, ya mwisho kwangu. Kila mpiga chapa alianzia moja. Orodha zao zote akazimwaga pamoja kwenye simu, akafuta namba ili zipendeze. Nilipounganisha sura, namba nne ilikuwepo mara tatu na haikumwelekea mtu yeyote.

"Karatasi ulizoandika kwa mkono ziko wapi?"

"Nilimwachia yule wa Mlowo. Nimempigia. Anasema wamefungia maandazi."

Nikacheka. Naye akacheka, kisha machozi yakaanza kumtoka akiwa bado anacheka.

Hapo umeme ukakatika, kibetri kikaanza kulia; nikahamisha kazi kwenye laptopu ya bosi, chaji ikiwa nusu. Nikawa namsomea sentensi, yeye anafumba macho: "Hiyo ni ya yule wa Ethiopia, mwenye mabwawa." Natafuta kwenye orodha, naweka namba. Inayofuata. Dereva mmoja wa malori kutoka ng'ambo ya mpaka akachungulia dirishani.

"Ba sista, kopi moja tu!"

"Umeme hakuna, kaka."

"Na hiyo inawaka kwa maombi?"

"Kwa maombi, ndiyo. Na wewe tuombee!"

Akaondoka akisonya. Chaji ikawa nyekundu. Ikabaki sentensi moja, ile iliyobeba ripoti nzima: kwamba maji yanayotoka kwenye mashine ya kumenyea kahawa, ukiyawekea chokaa, tindikali yake hupungua kabla hayajafika mtoni. Alitaka kwenda kuisoma kwa wazee wa kwao, maana mto wao unanuka kila msimu. Akafumba macho. Akafumbua.

"Siikumbuki."

"Jaribu, dada yangu."

"Nimeisoma mahali! Nauona hata ukurasa wake. Jina silioni."

"Kwani hukupima mwenyewe? Ya kwako si haihitaji namba?"

"Ningepima na nini?"

Nikapitisha orodha yote mbele yake, juu mpaka chini, tena na tena. Alikuwa anatikisa kichwa tu.

"Weka namba yoyote," akasema. "Nani atasoma?"

Vidole vyangu vilishafika kwenye kibodi. Yeye mwenyewe akanishika mkono. "Hapana. Msimamizi wangu anazifuata moja moja. Akikuta uongo anairudisha yote."

"Basi tuiache bila namba?"

"Bila namba ataihesabu ya wizi. Ifute." Akasimama. "Ifute wewe, mdogo wangu. Mimi siwezi kuangalia."

Akatoka nje, akanigeuzia mgongo, khanga kichwani. Nilimwona mabega yakipanda na kushuka. Nikaisoma ile sentensi kwa sauti ndogo, mara moja, ili angalau mtu mmoja Tunduma awe ameisikia. Kisha nikaifuta, nikasogeza zile namba zilizobaki, nikabonyeza kutuma.