Boriti ya Mita Nne

Kwa miaka miwili nilibadilisha ndege kama mtu anavyobadilisha shati. Sikuwa nimejenga hata moja. Asubuhi naamka na ndege ya mbao, adhuhuri nimehamia ya bati la aluminiamu, na ikiadhiniwa alasiri nishaamua kwamba mwenye akili zake hujenga ya mabomba ya chuma. Mke wangu hushona mabuibui katika chumba cha chini cha nyumba yetu, Mji wa Kale, na alikuwa akinisikiliza huku mguu uko kwenye cherehani. "Mchagua jembe si mkulima," aliniambia siku moja. Nilikasirika, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mimi ni makanika wa malori, Shimanzi. Malori niliyoyafungua na kuyafunga kwa mikono hii yamefika Kampala na Kigali. Mimi mwenyewe nimefika Mariakani tu, hapo karibu, tena kwenda kuvuta lililoharibika. Kukaa mahali pamoja kunaniwasha. Hata chai naimaliza nimesimama. Niliposoma kwamba kuna watu wanaojijengea ndege nyumbani, ndogo, za kuruka kwa raha zao tu, nilihisi nimeibiwa kitu siku zote na sasa nimejua kilipo. Nikaagiza michoro, nikaagiza mingine, nikaibandika ukutani mpaka mke wangu akakosa pa kutundika nguo za wateja.

Mwisho alinipa neno. "Chumba hiki takupa, nami takwenda kushonea juu. Na kitambaa cha mabawa takushonea. Lakini uchague kabla ya maulidi. Maulidi yakipita hujachagua, usinitajie ndege tena."

Hilo la kushona lilikuwa zito kuliko chumba. Bawa la mbao huvishwa kitambaa, na kitambaa hicho hushonwa kwa mkono kwenye mbavu za bawa, mshono mmoja baada ya mwingine, kila mshono na fundo lake. Nilikuwa nimejaribu kwenye kipande cha mbao nikatoa kitu kama kiraka cha gunia. Yeye alitazama mchoro mara moja, akashona shibiri nzima bila kuinua kichwa. Bila mikono yake sikuwa na ndege.

Basi nikaanza kupunguza. Chuma nilikiondoa kwa kutazama dirisha letu: nondo zake nilizichomelea mwenyewe, na chumvi ya hewa yetu imezila hata ukizishika zinabaki mkononi. Bati lilikwenda na maji kwa sababu ya ribiti, misumari yake ya kugongwa kwa nyundo. Ukuta wetu na wa jirani ni mmoja, na ningegonga siku tatu tu kabla ya kuitwa msikitini kusuluhishwa. Ikabaki mbao. Na katika mbao ikabaki michoro miwili, wa ndege ndogo na wa ndege kubwa kidogo.

Hapo nikafanya kama afanyavyo mtu wa Mji wa Kale. Kwetu kila kitu hupita kichochoroni. Kitanda, friji, kabati la bibi harusi, hata jeneza, vyote vina njia yake, na watu wanajua kipi kinapinda kona ipi. Bawa la ndege ndogo lilikuwa na urefu wa mita nne. Nilikata boriti ya mita nne, nikamwita rafiki yangu seremala, Mkristo kutoka bara aliyestaafu kazi ya reli, tukaishika huku na huku na kuanza kuipitisha kutoka mlangoni kwangu mpaka barabara kubwa. Kwenye kona ya nyuma ya msikiti ilipita, ikabaki nafasi ya vidole viwili. Tukarudi, tukapima mlango, tukapima uchochoro kwa futi kamba, tukarudia tena.

Kila baraza lilitusalimu, na kila salamu ilikuja na swali. Niliona haya kusema ndege. Nikajibu, "Inshallah, mtasikia."

Niliporudi alasiri niliwakuta wanawake watatu wa mtaani wamekaa na mke wangu, nyuso za matanga. Waliitikia salamu kwa shida, wakajitanda, wakatoka.

"Wamekuya kunipa pole," mke wangu alisema.

"Pole ya nini?"

"Waoa. Umeonekana na boriti na futi, wapimia turubai la harusi."

Binti yetu wa pekee aliolewa Tanga mwaka juzi. Katika nyumba ile mtu wa kufungiwa turubai nilibaki mimi tu. Nilianza kuapa, naye akaangua kicheko mpaka akashika cherehani. "Nimewambia, huyu hata mmoja hamuoni kwa ndege zake. Wa pili atamuona saa ngapi?"

Nilicheka naye. Nilifurahi sana, nikautandaza mchoro juu ya meza yake ya kukatia. "Nimechagua!" Aliutazama kama anavyotazama nguo ya kushona, akahesabu mbavu kwa kidole, akauliza uzi. Kisha kidole kikasimama katikati.

"Hapa akaa nani?"

"Rubani."

"Na mwengine?"

Nikamweleza kwamba hii ni ya mtu mmoja. Ile kubwa ndiyo ya wawili, lakini bawa lake lina karibu mita tano, kona ya msikiti haitalikubali.

"Umeipima?"

Nilikuwa nimekata boriti moja tu.

"Mke mwenza ningalimjua jina," alisema polepole. "Ningaligombana naye. Kwa kiti kimoja nigombane na nani?" Akaukunja mchoro vizuri, akanipa. "Chumba takupa, neno langu silivunji. Ila kushona, sishoni."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Miaka miwili nilipima injini, gundi, kutu, hata makelele ya nyundo, na sikuwahi hata mara moja kumweka yeye ndani ya ndege ile. Wala sikuwa nimeamua kumwacha. Sikumfikiria, basi.

Kesho yake nilikata boriti ya mita tano. Tulipofika konani seremala aliinua ncha yake juu, kati ya roshani mbili, nami nikaishusha yangu, ikapita bila hata kugusa chokaa. Sikungoja kuirudisha. Nilipanda ngazi mbio, nikasimama mlangoni nahema, nikamwuliza kama atapanda nami.

"Nimesikia," alisema, akatunga uzi kwenye sindano.

Maulidi yamepita. Chumba cha chini ni kitupu, amekwishakihama. Ni wiki ya tatu sasa, bado hajanijibu, nami sithubutu kumwuliza mara ya pili.