Bakuli Ambalo Mama Hakulijaza

Iko siku moja, mwanangu, inayonirudia kila ninapomwona mtu ameshika birika. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, hapa hapa Kiptere, baada ya mvua ya mchana. Mgeni wangu kutoka Kazakhstan alisimama katikati ya chai, akaweka mkono kifuani, akamshukuru mama yangu kwa kuinamisha kichwa, kisha akaenda chumbani kufunga mkoba wake. Alikuwa amefika asubuhi ile ile. Alikuwa amepanda ndege na mabasi kutoka upande mwingine wa dunia, na tulikuwa tumepatana atakaa majuma mawili.

Kabla sijakueleza kwa nini alisimama, ngoja nikueleze alikuwa nani.

Mimi ndimi kijana wa kwanza wa kijiji chetu kupelekwa ng'ambo kusoma, jambo ambalo nililitaja mara nyingi wakati ule bila kuulizwa. Nilipata ufadhili wa Wasovieti kusomea uhandisi wa umeme, nikapelekwa Alma-Ata, mji ulio chini ya milima yenye theluji hata jua linapowaka. Nikiwa bado darasani, nchi iliyonifadhili ikavunjika. Wenyeji wakapata bendera yao, nami nikashangilia pamoja nao, mpaka baridi ilipoingia. Nchi ile ina mafuta na makaa ya mawe mengi ajabu chini ya ardhi, lakini miaka ile ya kwanza mambo yalikuwa yamevurugika. Mabomba ya kupasha nyumba joto yaliganda, na umeme ukawa unakuja kama jamaa wa mjini, ghafla, na hakai. Kwa hiyo umeme niliusomea kwa mshumaa. Niliporudi Kiptere nikakuta nyaya za kwenda kiwanda cha chai zinapita juu ya paa letu, na ndani ya nyumba tunawasha koroboi. Usishangae basi kwamba siku hizi najilisha kwa kuandika.

Bweni letu lilipoganda, wanafunzi wenye pesa walirudi kwao. Mimi sikuwa nazo. Nilikuwa nalala na koti, kofia na viatu, nikihesabu ni masomo gani ninayoweza kuyaacha. Ndipo Yerlan, mwenzangu wa darasani, alipochukua sanduku langu bila kuniuliza, akalibeba mpaka nyumbani kwa nyanya yake pembeni mwa mji, palipokuwa na jiko la makaa. Wakazakh humwita nyanya Azhe, na mimi pia nikamwita hivyo. Azhe alikuwa Mwislamu wa kuswali, mimi ni mtoto wa kwaya ya Kiptere. Hakuniuliza habari hizo. Alinionyesha mahali karibu na jiko, akanipa mfarishi wake mzito, akanimiminia chai.

Na hiyo chai, mwanangu, ilinishangaza. Ilikuwa nyeusi iliyoiva, akaitia maziwa, jambo lililonifurahisha kama kukutana na mtu wa kwetu. Lakini aliimimina kwenye kibakuli kisicho na mkono, akaishia chini kabisa, kiasi cha kumeza mara moja. Mimi natoka nyumba ambayo mlango wa nyuma ukifunguliwa unagonga michai. Kwetu mgeni akipewa chai isiyofika ukingoni, habari zake zinafika Kapsoit kabla yake. Nikasema moyoni kwamba maskini, wana shida. Nikaomba kwa ishara anijazie.

Azhe alinitazama kwa huzuni. Yerlan alicheka mpaka akakohoa, kisha akanieleza. Kwao mwenyeji humimina kidogo ili bakuli lirudi kwake upesi, amimine tena, ya moto tena, na tena. Kidogo maana yake ni kaa, bado nataka kukuhudumia. Ukijaziwa bakuli, umeambiwa kwa adabu kwamba unywe hii uende zako.

Nilikaa nyumbani kwa Azhe kipupwe chote, na bakuli langu halikujaa hata siku moja. Ndivyo nilivyomaliza masomo.

Mambo hayo ya baridi na jiko niliyaandika kwenye barua nyumbani. Mama hakujua kusoma, mdogo wangu alimsomea. Tangu siku hiyo alimwombea Azhe kanisani kila Jumapili, akitaja jina lake kwa sauti, mpaka akina mama wa kanisa wakadhani ni nabii fulani wa Agano la Kale waliyemsahau. Aliniambia ana ombi moja, kwamba siku moja ammiminie mama yule chai ya shamba lake kwa mkono wake. Nilicheka. Nani angemleta Azhe Kiptere?

Azhe alifariki miaka michache baada ya mimi kurudi. Na kwao mzee akifariki baada ya kuishi sana, vitu vyake hugawiwa watu, ili nao waguswe na baraka ya umri wake. Yerlan aliniandikia kwamba kuna kitu cha mama yangu, na kwamba hatakituma, atakileta.

Alikileta kimefungwa kwenye soksi ya sufu. Ni lile bakuli dogo la chai la Azhe, la udongo mweupe, lenye maua ya buluu yaliyofifia mahali alipozoea kuweka kidole gumba. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akalipakata mapajani. Kisha akaenda jikoni. Siku aliyoingojea ilikuwa imefika kwa njia ambayo hakuitarajia. Hangemmiminia Azhe, ila angemmiminia mjukuu wake kwenye bakuli la Azhe mwenyewe.

Sebuleni walikuwa wamekuja Mzee arap Langat, rafiki wa marehemu baba, na jirani yetu Mama Chebet. Mambo yalianza vizuri. Yerlan alipewa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, akafumba macho. Akasema ni kama ya kwa mjomba wake, ila yale ni ya farasi. Nikatafsiri. Arap Langat aliweka fimbo chini.

"Farasi? Wanakamua farasi?"

"Wanakamua, Mzee."

"Na farasi anakubali?"

Yerlan alieleza kwamba anakubali ukimletea mtoto wake kwanza. Arap Langat akasema hapo hakuna tofauti na ng'ombe wake mmoja. Wakaingia kwenye michezo. Mzee alisifu wakimbiaji wetu, Yerlan akasifu mieleka yao, na mchezo wa wapanda farasi wanaonyang'anyana mzoga wa mbuzi wakiwa mbio. Arap Langat alifikiri kidogo. "Mwambie kwetu tunakimbia sana," alisema, "lakini mbuzi tunamwacha nyumbani."

Basi nami, kwa kuwa nilikuwa na digrii na wasikilizaji, nikaacha kutafsiri nikaanza kuhutubia. Niliwaeleza upana wa nyika ile, mafuta yaliyo chini yake, tai wanaofunzwa kuwinda, na jinsi imani ilivyochipuka tena baada ya kubanwa miaka mingi. Nilikuwa nimewageukia wazee, mgongo kwa rafiki yangu. Nyuma yangu Mama aliingia na birika. Alijaza bakuli la Azhe mpaka chai ikatunisha kifua ukingoni, kama tunavyomjazia mtu tunayempenda. Yerlan aliitazama. Akadhani labda hakuona vizuri, akainywa haraka. Mama, kwa furaha ya kuona ameipenda, akajaza tena, zaidi.

Ndipo aliposimama.

Mama Chebet alimfuata kwa macho mpaka mlango wa chumba ulipofungwa. "Ama chai imeingia moshi?" aliuliza polepole. Mama alisema mgeni amechoka na safari. Alisema hivyo akitabasamu, kisha akarudi jikoni. Nilimkuta ameegemea ukuta, leso mdomoni.

"Nimemkosea nini?" aliniuliza. "Ni nyumba? Ni hayo maziwa? Kiprono, mtoto wa yule mama anatoka kwangu na njaa. Nimemkosea nini?"

Nilipoelewa, nilicheka. Nikamweleza habari ya bakuli kujaa huku nikifuta machozi ya kicheko, nikitarajia naye atacheka. Hakucheka. Alishusha leso, akaniangalia kama anayemtafuta mtu aliyemtuma sokoni zamani.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua, Mama, lakini ni kitu kidogo..."

"Umekaa kwa yule mama, umekula, umelala kwa blanketi yake. Ukarudi. Umetuambia milima ni mirefu namna gani. Umetuambia mafuta. Umetuambia ndege wanaoshika mbweha. Watu wanatoka Kaplong kuja kukusikia. Miaka yote hiyo hukunipatia neno moja la kuniambia vile mwanamke aliyekulea anakunywa chai."

Niliinamisha kichwa, mwanangu.

"Mimi nilikuwa na asante moja tu," alisema, "na umeniacha niitoe ikiwa matusi. Nenda umrudishe. Mwambie mama yako hajui kusoma, kwa hivyo yeye hufundishwa kwa mdomo."

Nilimkuta Yerlan ameketi kitandani, mkoba magotini, akijaribu kukumbuka ni kosa gani alilofanya. Nilimweleza. Alishika kichwa, akacheka. Aliniambia alikuwa amefikiri kwamba hata bakuli la Azhe linamfukuza.

Tuliporudi sebuleni Mama aliingia na birika kana kwamba hakuna kilichotokea. Alimjazia arap Langat kikombe mpaka ukingoni. Akamjazia Mama Chebet. Kisha, mbele yao wote, akammiminia mgeni wake wa heshima chai ya kumeza mara moja.

Ungeona nyuso zile. Arap Langat aliinama akachungulia ndani ya bakuli, kisha akanitazama kwa ukali, kama anayetaka nilipie chai iliyopungua. Yerlan alikunywa, akarudisha bakuli. Mama akamimina tena, kidogo tena. Mama Chebet aliinuka kimya, akatoka, akavuka ua. Alirudi na jagi la maziwa limefunikwa kwa sahani, akamwekea Mama karibu na mguu, kama anavyofanya mtu mwema anayeona jirani ameaibika. Mama alilipokea. Alisema asante sana, dada. Akaendelea kumimina kidogo.

Nilitaka kueleza. Mama alinizuia kwa jicho. Baadaye nilimuuliza kwa nini alikubali kuonekana mchoyo katika nyumba yake mwenyewe, tena kwa chai, tena Kiptere. Alinijibu kwamba kama angewaeleza wakati ule, mgeni angegeuka kichekesho cha sebuleni, na hakumwalika aje kuchekwa. Wangemwita mchoyo yeye, akasema, na hilo lingeisha. Liliisha kweli, ingawa Mama Chebet aliendelea kuleta maziwa majuma yale yote mawili.

Siku ya kuondoka ilifika. Arap Langat alikuja kuomba kwa ajili ya safari. Aliomba kwa jina la Yesu, kirefu, akitaja kila daraja mpaka Nairobi. Yerlan alifungua viganja mbele ya kifua kama Azhe alivyokuwa akitubariki, na neno la amina lilipotoka akapangusa uso wake kwa mikono yote miwili. Arap Langat, ambaye bila shaka alikuwa ameacha jicho moja wazi, naye akapangusa wake.

Kisha ikawa chai ya mwisho. Gari lilikuwa linangoja barabarani. Yerlan alishika bakuli la Azhe, akalinyoosha kwa Mama, na akasema maneno niliyomfundisha usiku uliotangulia kwa ombi lake, "Mama, jaza." Alitaka afanyiwe ya kwao mpaka mwisho, aruhusiwe kuondoka kwa heshima.

Mama alinikodolea macho nimweleze sababu, nami nikamweleza kwamba anaomba kuagwa kwa desturi ya kwao. Akainua birika. Akamimina kidogo, kile kile kiasi cha kila siku, akaliweka birika chini.

"Mwambie," alisema, "siku nitakayotaka aende, nitamjazia. Bado sijataka."

Nilitafsiri nusu, nusu ya pili ikanishinda. Yerlan hakuhitaji. Alikunywa ile kidogo, akalirudisha bakuli kwa mikono miwili, na akaondoka nyumbani kwetu bila kufukuzwa. Bakuli liko kabatini mpaka leo. Mama naye ametangulia, na tangu siku ile ya kwanza halijajazwa tena.

Sasa, mwanangu, wewe nawe unajiandaa kwenda kwa watu, na nchi za siku hizi ziko karibu kuliko zetu. Soma ulichotumwa kusoma. Lakini ukikaa kwenye nyumba ya mtu akakutendea wema, jifunze namna yeye anavyopokea wema, umletee mama yako habari hiyo kabla ya habari za milima. Na ukirudi, usimshukuru mtu kwa namna inayokupendeza wewe. Mshukuru kwa namna ambayo yeye ataisikia, hata kama majirani watakuletea maziwa kwa huruma.

Mungu akutangulie njiani. Akupe jiko la moto kwenye baridi ya wengine na mtu wa kubeba sanduku lako bila kukuuliza. Na kila nyumba utakayoingia, wakumiminie kidogo, na kidogo tena.