Sikio la Mama Kwenye Kioo

Mama yangu ana sikio zuri. Nalijua kuliko mtu yeyote, maana kila nikimpigia simu ya video ndilo ninaloliona: ndewe ndefu iliyotobolewa zamani, shanga nyekundu na nyeupe, na kipande cha shavu. Uso hakuna. Mdomo, ambao ndio ninaoutafuta, hakuna. Anabonyeza kupokea, anabandika simu sikioni kama simu nyingine yoyote, anaanza kuongea. Na mimi huku Karatu nimekaa nalitazama sikio linaloongea na kiziwi.

Kiziwi ndiye mimi. Niliugua homa ya uti wa mgongo nikiwa mtu mzima, nikapona kila kitu isipokuwa masikio. Mashine za masikio ninazo, ndiyo, na watu wakiziona wanafurahi, wanadhani mambo yamekwisha. Mashine zinaleta vishindo. Katika jiko la lodji ninakooka mikate, sufuria likianguka nalisikia kama ukuta umebomoka. Mpishi mwenzangu akiniambia mikate inaungua, naambulia mvumo tu. Kwa hiyo nasoma midomo, na asiyesomeka namwambia aniandikie. Mwenyewe pia naandika. Sauti yangu siisikii, na siku nilipouliza bei ya vitunguu sokoni nikaona watu wote wamegeuka kunitazama, nikasema basi, nimemaliza kuongea mbele za watu.

Hapa mjini maandishi yanatosha. Tatizo ni mama. Yeye yuko Endulen na ng'ombe wake, hajasoma, na Kiswahili chake ni cha kununulia sukari. Nikimwandikia, lazima mtu wa boma amsomee na kumgeuzia kwa Kimaa. Yeye naye, tangu alipoonyeshwa kile kitufe cha kurekodi, anatuma sauti. Tena ndefu! Nimewatuma watu wamweleze: mama, sisikii. Jibu nililoletewa ni kwamba anajua sisikii, ndiyo maana anaongea kwa nguvu.

Nikatafuta programu ya simu inayogeuza maneno kuwa maandishi. Kwa Kiswahili inajitahidi. Kimaa haikijui kabisa, lakini haina adabu ya kusema haijui. Ikaniandikia kwamba mama anauza bunge kwa daktari wa maji. Nikaifuta.

Akabaki jirani yangu, mwanamke wa Oloipiri, Mmaasai kama sisi, anayeuza maziwa nyumba ya pili. Mtu mwema sana, na Mungu anisamehe kwa nitakayoyasema. Nampa simu. Anasikiliza. Anaitika, "Ee... ee...", maana kwetu mtu akikupa habari huwezi kukaa kama gogo, anasema kidogo, anatulia, unaitika, ndipo anaendelea. Mama anatulia hata anaporekodi. Mapengo yale nayaona kwenye kimchoro cha sauti: vijiti virefu, kisha nukta tupu, kisha vijiti tena. Jirani anaziitikia nukta zote. Anacheka mpaka anapiga paja. Anashika mdomo. Kisha ananirudishia simu na kunigeukia ili nimsome.

"Mama anakusalimia," anasema.

Namwandikia: hayo tu?

"Eeh. Na ng'ombe wazima."

Mbona umecheka?

"Aah, hicho kisa ni kirefu, dada. Nitakuambia baadaye."

Kila asiyesikia anaijua hiyo baadaye. Haijawahi kufika. Mimi sikutaka muhtasari wa mama yangu. Nilitaka maneno yake, yote, pamoja na umbea wake, kama alivyokuwa akinipa wakati tunakamua. Na kilichonikata maini ni pale nilipogundua kwamba jirani anamjibu. Anabonyeza kitufe, anaongea, anatuma, kwa simu yangu mimi! Wamekuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Mama akamtumia kibuyu cha maziwa mgando, muuza maziwa huyo, na mimi nikapata salamu.

Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda mpaka Endulen. Nikainamisha kichwa, mama akanigusa utosini, tukakaa nje ya nyumba yake akaanza habari. Sikupoteza neno. Hakuna mdomo duniani ninaousoma kama ule. Watu wa boma walikuwa wamejaa kunitazama, kwa hiyo kila alipotulia niliitikia kwa kichwa tu.

Kisha likaja somo la simu. Nikamwekea mbele ya uso. Akairudisha sikioni. Nikaitoa. Akairudisha. Kutumia spika hataki: habari za mwanawe si za kutangaziwa boma zima. "Simu ni ya sikio," akaniambia, kwa upole, kana kwamba mgumu wa kuelewa ni mimi. Kufika jioni nilikuwa nataka kulia kwa hasira, na niliporudi Karatu sikuwa na tumaini lolote.

Jumapili moja nilikuwa uani kwa jirani, wateja wake wa maziwa wamepanga foleni, simu ikatetemeka mkononi. Video. Nikapokea nikijiandaa kwa sikio. Ulikuwa uso! Wote, tangu paji mpaka kidevu, umekunjamana kwa ghadhabu. Mtandao ulikuwa ukikatakata lakini midomo niliisoma.

"Haya, nimeshika unavyotaka. Unaniona?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wewe unaniona. Mimi napata nini?"

Nikamwonyesha kwa vidole kwamba nitaandika.

"Usiandike! Maandishi yako nasomewa na watu. Sauti ya huyo muuza maziwa naijua, hata akikohoa naijua. Ya mwanangu niliisikia lini?"

Akafunga mdomo. Nikadhani mtandao umekwama, kisha nikamwona anapepesa macho. Alikuwa ametulia, vile anavyotulia katikati ya habari, anasubiri.

"Ee," nikaitika.

Sijui ilitoka kubwa au ndogo. Foleni nzima iligeuka.

"Ee, mama. Nipo."

Uso ukaondoka kwenye kioo. Likaja sikio, ndewe na shanga zake, limebanwa kabisa kwenye simu. Nikaendelea kuongea.