Sura ya Evarist kwenye ukurasa wa kahawa ya Igurwa

Akili yangu inakataa kabisa. Jana tumemzika Evarist hapa Igurwa, na leo asubuhi nimempigia simu nimuulize kama ile headline ya ukurasa ameipitisha.

Wamemuua. Sitaandika "ametangulia mbele za haki", maana hakutangulia popote. Alikatwa mapanga mchana kweupe kwenye barabara ya Kihanga, watu wakiwa shambani wanapalilia maharage.

Kwa msiomjua: Evarist alikuwa mbunifu wa tovuti, mimi nilikuwa mpiga picha na mwandishi wake. Chumba chetu kilikuwa Kayanga, ukuta kwa ukuta na mchomelea mageti. Kazi yetu ilikuwa landing page, ule ukurasa unaoufikia ukibofya tangazo, ambao ama unakufanya ununue au unakufanya uondoke zako. Jamaa alikuwa na hasira na ukurasa mbaya kama wengine walivyo na hasira na mwizi wa ndizi.

Client mmoja wa gesti alitaka picha ya mwenyekiti, kwaya inayoimba yenyewe na tai anayeruka. Evarist akamwambia, "Shikamoo mzee, lakini hii ni page au kadi ya harusi? Mgeni anatafuta kitanda." Mzee aliondoka amenuna. Akarudi baadaye, tai kamwacha nyumbani.

Akimaliza page anaipeleka sokoni Bugene. Anampa mama muuza nyanya simu yenye kioo kilichopasuka, halafu anatazama kidole gumba. Kidole kikisita mahali, hapo panafutwa. Sentensi zangu nyingi nzuri zilifia pale sokoni, na nilimtukana kila safari.

Halafu ikaja kazi ya akina mama wa Igurwa, kikundi cha mama yake. Walichoka kuwauzia walanguzi kahawa ingali maua kwa bei ya kupangiwa, wakaamua kukaanga na kufungasha wenyewe. Niliandika headline ya ubora na bei, akaifuta. "Kwetu mgeni akiingia anatajiwa bei? Si anapewa kahawa ya kutafuna kwanza?"

Basi page ikafunguka na kiganja cha mama yake kikikunyooshea kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, na maneno "Karibu, tafuna kwanza." Chini kitufe kimoja tu: piga simu, tukutumie ya kuonja. Watu wa Mwanza na Dar wakaonja, wakarudi kununua. Akina mama wakaacha kuwafungulia walanguzi mlango.

Lakini mteja mpya haamini kiganja tu. Anataka uso, jina na namba. Akina mama waliogopa, maana wanawajua walanguzi wale. Evarist akasema, "Weka yangu." Nikampiga picha pale pale, hata nywele hajachana.

Vitisho vikaanza kuingia kupitia kitufe kile kile. "Tutakukata." Yeye anajibu kwa upole, "Karibu sana, tukutumie ya kuonja?" Mimi nilikuwa nacheka. Nilidhani ni maneno tu.

Kwanza walikata migomba. Watu wa huku mnajua maana yake. Wengine eleweni kwamba kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, ndiyo nyumba yenyewe, na baba yake kazikwa mle. Tulikuta shamba lote limelala chini, utomvu unatiririka, mikungu michanga imepondwa kwa visigino. Mbwa wao alikuwa juu ya lundo la migomba, hana kichwa. Mama yake alichukua panga akaanza kusafisha visiki.

Wiki ile ile akapiga mtu mwenye adabu zake, eti ni mnunuzi wa hoteli, yuko Kihanga na gari, anataka kuuona mzigo. Nilimwambia Evarist asiende peke yake. Akasema mteja aliyefunga safari hasubirishwi, akapanda bodaboda na mfuko wake wa kuonja.

Hakukuwa na hoteli. Walimwangusha kwa rungu la kisogoni, kisha wakaanza kumkata mikono, ile mikono iliyotengeneza page. Dereva wa bodaboda alikimbia akipiga yowe, wapaliliaji wakaja na majembe, wakachelewa. Hospitali nilimtambua kwa soksi. Ninawachukia watu wale, na sitaki kuambiwa nisamehe.

Msibani, gari la walanguzi lilisimama barabarani na mizani nyuma. Walikuwa wanasubiri. Baba mdogo wa Evarist akaniita pembeni: "Binti, futa hicho kitu leo. Tumeshalipa vya kutosha." Nilimkubalia. Nikafungua laptop, nikafika pa kufuta. Akina mama walikuwa wanatazama kidole changu, kila mmoja anajua page ikifa kahawa inarudi kwenye mizani ile.

Mama yake akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kamera yako iko wapi?"

Nilidhani anataka picha ya kaburi. Akavuta kiti, akakaa katikati ya visiki vya migomba yake. "Nipige. Niweke pale alipokuwa yeye. Na namba iwe yangu, waitu, mwanangu. Wakipiga, wanipate mimi niliyemzaa."

Baba mdogo akasema, "Shemeji, watakukata na wewe."

"Wamebakiza nini?"

Akina mama wakaanza kusogea mmoja mmoja, wakasimama nyuma ya kiti chake.

Page iko hewani tangu asubuhi. Wamo wote kwa majina yao, na hakuna anayetabasamu. Evarist angenigombeza, yeye alitaka mteja achekewe. Safari hii hapana.

Evarist, ndugu yangu, sura yako nimeitoa. Huna tena simu ya kupokea, lala upumzike. Ya kwanza imeingia mchana huu na haikuwa ya mteja. Mama yako amewasikiliza mpaka wakamaliza matusi, akawatajia jina lake na la baba yake, akawaelekeza njia ya kufika nyumbani.