Kipima Tetemeko cha Bi Aafke

Jirani yangu Bi Aafke Bolhuis hakumwamini mtu yeyote aliyekuja na makaratasi. Gesi imechimbwa chini ya kijiji chetu hapa Groningen, Uholanzi, tangu kabla hajaolewa. Ardhi ikaanza kutetemeka, ukuta wake wa jikoni ukafanya ufa, na mkaguzi wa fidia akamwambia nyumba imezeeka tu. Bi Aafke akamwonyesha mlango.

Ndipo akakubali watu wa chuo kikuu wamfungie kipima tetemeko chini ya ngazi, kiboksi cheupe. Kila mtikisiko ulikwenda papo hapo mtandaoni, wauone wanasayansi, wanafunzi, hata mimi mstaafu nisiye na kazi. Ukuta ukipasuka tena, ushahidi ungekuwa hadharani.

Hata hivyo alikitilia shaka.

"Kinasikia maneno?"

"Hakisikii, Bi Aafke. Kinahisi mtikisiko tu."

"Mtikisiko wa nani?"

Laiti ningeishia hapo. Jumatatu moja, tukinywa kahawa kwake, nikamtania: "Jana ulituambia mguu unauma, huji kanisani. Mbona mtandaoni naona kwako kumetikisika nusu saa? Mashine ya kufulia hiyo, au umepata mchumba?"

Hakucheka. Kwetu hapa kufua Jumapili ni dhambi; watu wazima wameacha kusalimiana kwa sababu ya shati moja lililoanikwa Jumapili.

"Kwa hiyo na mchungaji anaona?"

"Anayetaka anaona."

Tangu hapo mchoro wa mitikisiko ya kwake mtandaoni ukawa unakatika kila Jumapili. Nilijua amechomoa waya wa kiboksi ili afue, nikacheka peke yangu. Naona aibu kusema hivyo sasa.

Tetemeko kubwa lilikuja Jumapili ya Novemba, sisi tukiwa kanisani kwenye zaburi ya pili. Ufa wa jikoni kwake ukapanuka hadi mkono ukapita.

Mkaguzi akaja, akafungua kompyuta mezani. "Majirani wote wana mchoro. Wewe huna. Nitajuaje kama ufa huu haukuwapo Jumamosi?"

Uso wa Bi Aafke uliiva kwa aibu. Nikamweleza mkaguzi mimi, habari ya nguo na yote, nikidhani namsaidia. Akaandika: mwenye nyumba alizima kifaa mwenyewe. Akafunga kompyuta, akaondoka.

Nilinyoosha mkono nichukue kikombe changu. Bi Aafke akakisogeza mbali.

"Reinder," akasema, "ile siku uliyonitania habari ya mchumba, nani alikutuma?"