Matawi ya Jumatano

Magdalene Wangeci, mama yake Ndung'u, alikuwa na vidole ambavyo watu wa Ruiru walivizungumzia. Si kwa uzuri, wala! Vilikuwa vifupi, vimepasuka kwa jembe la miaka kumi na minane, na dole gumba la kulia lilikuwa limegeuka rangi kwa sababu ya ugoro. Lakini mwambie atoe mwiba mguuni mwa mtoto aliyelala, na mtoto angeendelea kulala. Siku moja alimtoa nyapara Kagwe kijiti jichoni pale pale shambani, mbele ya watu. Kesho yake Kagwe akamwambia aweke jembe chini amfuate.

Shamba lenyewe lilikuwa la mzungu mmoja, kati ya Ruiru na Thika, kahawa tupu mpaka macho yachoke. Kwenye kona moja karibu na mto palikuwa na miti mia mbili iliyozungushiwa waya. Humo Bwana alikuwa akijaribu kuifungisha kahawa ndoa, mti usiougua na ule wenye punje nzuri, apate mtoto mwenye mema ya wote wawili.

Kagwe alikuwa mtu mkavu, mtu wa kukusalimu kana kwamba salamu zinamtoka mfukoni. Lakini mpe ua mkononi, utadhani ni mtu mwingine. Alimwonyesha Wangeci majani meupe matano yaliyoungana chini yakafanya mrija. Mdomoni mwa mrija vilisimama vijiti vitano, kila kimoja kimebeba unga wa manjano, ule ambao vitabuni huitwa chavua.

"Hawa ndio waume," akasema. "Na huyu hapa katikati ndiye mke."

Mke mwenyewe alikuwa shingo ndefu nyeupe, juu imegawanyika mara mbili, na ile ncha yake inanata kidogo ukiigusa. Unga ukitua pale, Kagwe akaeleza, hushuka shingoni mpaka chini kabisa. Na huko chini, chini ya ua lenyewe, palikuwa na tumbo la kijani, dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Kagwe akalipasua kwa wembe. Ndani mlikuwa na vyumba viwili, kila kimoja na mwanawe.

"Ngai!" Wangeci akaruka. "Kumbe ndiyo sababu punje huwa mbili!"

Alikuwa amechuma kahawa tangu usichana wake, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia. Jioni ile alirudi nyumbani akiwaeleza majirani kila mmoja, watake wasitake.

Sasa, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mvua ikinyesha vizuri, baada ya siku nane tisa matumba ya kahawa hurefuka na kuwa meupe. Wafanyakazi waliyaita mishumaa, maana alfajiri inayofuata yatafunguka. Alasiri ya mishumaa ndipo Wangeci alipotakiwa. Alishika ule mrija mweupe kwa kucha akauvua kama soksi ya mtoto, na kwa kuwa wale waume watano wameshikamana nao, walitoka wote kwa mpigo mmoja. Mke akabaki peke yake. Kisha Kilonzo, Mkamba kijana wa kutoka Ngoliba, alilivika tawi mfuko ili nyuki wasimletee unga wa kuokota. Baada ya siku moja mfuko ulifunguliwa, Wangeci akaleta unga wa ule mti mwingine, akampaka mke mdomoni, na Kilonzo akafunga tena.

Kagwe alimpa brashi ya kupakia unga. Akaikataa.

"Brashi haina akili," alisema. "Dole langu linajua limegusa nini."

Kagwe akamwachia. Nani angebishana na vidole vile?

Wangeci na Kilonzo walielewana sana. Kijana alimtania kutwa nzima, na asubuhi alipitia dukani kwa Abdulkarim kumletea ugoro, kifurushi cha siku moja tu, kwa sababu Wangeci akipata wa wiki nzima huumaliza siku mbili. Huo ndio ulikuwa udhaifu wake, na hakuuficha. Bila ugoro kichwa kilimgonga, na watu walimkimbia.

Mwaka wa hamsini na sita, wa kwanza wa Wangeci kupaka unga, maua yalitoka mwezi wa tatu, mengi ajabu. Siku za kupaka unga zilikuwa tatu, Jumatatu mpaka Jumatano, na kila tawi lilifungwa kibao chenye siku yake. Jumatano Kilonzo hakuja. Mkewe alikuwa amejifungua usiku, mtoto wa kwanza, msichana. Kagwe mwenyewe akafunga mifuko, na Wangeci akamgombeza mara mbili kwa sababu ya kamba tu.

Wiki saba zikapita. Wakaenda kutazama, na maskini! Matawi ya Jumatatu yalikuwa matupu. Ya Jumanne matupu. Ya Jumatano, manne yote, yalikuwa yamejaa vitumbo vya kijani vilivyovimba vizuri.

Kagwe alisoma vibao kimoja kimoja. Halafu akasema alichosema, na usimlaumu, mtu yeyote angesema hivyo. Jumatatu na Jumanne alifunga nani? Kilonzo. Jumatano? Si Kilonzo. Kwa hiyo Kilonzo alikaza mifuko mno, akayanyonga maua. Bwana alikubali, akaamuru kijana aondoke mwisho wa mwezi, kazini na kwenye nyumba ya shamba.

Kilonzo hakubishana. Alimtazama tu Wangeci, akasema, "Mama Ndung'u, mimi nilifunga vile vile kama mwaka jana."

Wangeci alimwamini, na hapo ndipo taabu yake ilipoanza. Mwaka jana Kilonzo alifunga, lakini mwaka jana unga ulipakwa na Kagwe, kwa brashi. Na hiyo Jumatano ilikuwa na nini kingine? Ilikuwa na maumivu ya kichwa. Kilonzo hakuja, basi ugoro nao haukuja.

Alikaa chini akaufikiria ule ugoro, na magadi yaliyomo ndiyo yaliyomfungua macho. Ugoro husagwa na magadi, nayo magadi huunguza hata ulimi. Mvua za mwezi wa nne zilikuwa zimeacha maua machache ya kuchelewa kwenye miti ya kawaida, nje ya waya. Akachagua mawili. La kwanza alilipaka unga kwa mkono aliouosha kwa sabuni. La pili kwa dole lile lile la kila siku, lenye ugoro. Kesho yake mke wa ua la kwanza alikuwa bado mweupe. Wa pili mdomo ulikuwa umekauka, mweusi kabisa.

Wangeci akaziba uso kwa leso. Ni yeye.

Siku mbili alinyamaza. Sitamsafisha, alinyamaza kwa sababu aliogopa. Aliogopa jembe. Kwa mara ya kwanza maishani kuna mtu alikuwa amempa kazi ya kufikiri, akaipenda kuliko alivyowahi kupenda kazi, na neno moja tu lingeimaliza. Siku ya tatu alipita mbele ya nyumba ya Kilonzo, akamwona mkewe na mtoto mgongoni, anafunga sufuria kwenye gunia. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Kagwe.

"Ni dole langu," akamwambia, akamweleza yote.

Kagwe alisikiliza mpaka mwisho. "Mama, ungenyamaza," akasema kwa upole. "Hakuna mtu angejua."

"Mimi najua. Na ugoro nimeshautupa chooni. Mwambie Bwana nimeacha."

Kagwe akamwambia Bwana. Bwana akasema Kilonzo abaki, tena ajifunze kuvua maua. Lakini mtu aliyeharibu maua ya mwaka mzima hataingia tena ndani ya waya. Kagwe alimwombea mara mbili, bila mafanikio. Jumatatu Wangeci alikuwa kwenye mstari wa palizi.

Mwaka uliofuata mishumaa ilipotoka, alikuwa akilima kando ya waya. Kilonzo akaja upande wa pili, jasho linamtiririka, ua limeraruka mkononi.

"Mama Ndung'u, shingo zinakatika. Nakosea wapi?"

Akaegemeza jembe. Hakuruhusiwa kugusa, basi akamwonyesha hewani kwa vidole vitupu. "Wewe unavuta kama unang'oa jino. Shika kwa kucha, zungusha kidogo, halafu inua."

Kilonzo akajaribu. Mrija ukatoka mzima na waume wake watano, na mke akabaki amesimama, hana hata mkwaruzo. Kijana akalitazama ua, akamtazama mama yule.

"Kazi hii ni yako," akasema. "Mimi nalijua hilo."

"Ni yangu," Wangeci akajibu, na machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. "Inaniuma, sikudanganyi. Haya, shika lingine."